Nilicheka kijembe nilichopigwa mwenyewe: jinsi kusuka ukili Mafia kulivyonifunza kutulia na kusikiliza

Wakuu, heshima kwenu nyote. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi humu jukwaani ni msomaji kuliko mwandishi. Ila kila wiki naona mtu anauliza wenzake wanapata wapi motivation ya kujiboresha na kuishi kwa utulivu, na majibu ni yale yale. Amka saa kumi na moja alfajiri, soma vitabu, kunywa maji ya ndimu.

Leo na mimi naweka yangu. Sijasimuliwa, yamenikuta mwenyewe, na zile sehemu zinazonivua nguo sijazikata. Majina tu ndiyo nimebadilisha, na kijiji sikitaji.

Mimi ni ke, nesi, mzaliwa wa Mara. Sifa zetu watu wa Mara mnazijua, sina haja ya kuzirudia.

Nilihamishiwa Mafia mwaka juzi, kwenye zahanati moja njia ya kwenda Kanga. Tuko watatu tu. Mganga mfawidhi, mimi, na mhudumu mmoja wa afya. Kliniki ya wajawazito ni yangu.

Sasa niseme ukweli. Kazi nilikuwa naijua, ila mdomo wangu ulikuwa mchafu.

Mama akichelewa kuja kliniki namuuliza, "Mlipokuwa mnaitafuta hiyo mimba mlinishirikisha?" Na nasema kwa sauti, wenzake wasikie wacheke. Halafu mkono mmoja unaandika kadi, mwingine uko kwenye simu. Nilikuwa kwenye magrupu kumi na moja ya WhatsApp, na yote nilikuwa active.

Watu wa huku hawakujibu. Mimi nikadhani wananiheshimu.

Na msidhani sikuwa najitafuta. Nilishajaribu sana tu. Niliwahi kubandika maneno ya kujisifia kwenye kioo, yakadondoka yenyewe. Nikadownload app ya meditation, mzungu ananiambia nifikirie mto unaotiririka, mimi nafikiria nani amekula mafuta yangu ya kupikia. Wiki mbili nyingi, naacha.

Kilichonibadilisha kilianza kwa ajali ya kijinga.

Simu ilinitumbukia kwenye ndoo ya maji ya dawa ya kuoshea vifaa. Fundi wa Kilindoni aliifungua, akaifunga, akanipa pole. Ikabidi itumwe Dar, na huko nikaambiwa nisubiri spea. Nikabaki na kitochi cha kupokelea simu za kazi.

Wakuu, siku tatu za kwanza nilikuwa kama mgonjwa. Nikitoka kazini sijui mikono niiweke wapi. Naingia ndani, natoka nje, nafagia palipofagiwa.

Jirani yangu anaitwa Mwanahamisi. Tunalingana umri, ana kicheko cha kusikika nyumba ya nne, na kila alasiri anakaa barazani na majirani zake wawili wakisuka ukili. Kwa wasioujua, ukili ni ule mkanda mrefu wa ukindu, na mikanda mingi ikishonwa pamoja ndiyo unapata mkeka.

Akaniona nazunguka. Akasema, "Sista, njoo ukae, unatutia kizunguzungu."

Nikakaa. Akanipa ukindu.

Mtu asikudanganye kuwa ile kazi ni rahisi. Wangu wa kwanza ulikwenda upande kama unakimbia mtu. Mwanahamisi aliutazama, akasema neno moja, "Umekaza," akaufumua wote. Hakuomba radhi wala hakunionyesha nilipokosea. Nikasuka tena, akafumua tena. Kwa hasira zangu zile, sijui nilivumiliaje. Nadhani ni kwa sababu sikuwa na pa kwenda.

Siku ya tano au ya sita ndiyo nikaelewa. Nikiwa na hasira navuta, nikivuta upande mmoja unabana, ukili unapinda. Nikiwaza mambo ya kazini, jani linaponyoka. Yaani ule mkanda ulikuwa unanisema bila kufungua mdomo. Ikabidi niwe pale nilipo, na kile ninachokifanya, basi. Yule mzungu wa kwenye app alikuwa anahangaika kuniambia hicho hicho.

Na kuna kingine. Wanawake wakisuka hawatazamani. Macho yote yako mikononi, na mmoja akiongea wengine wanamwacha mpaka amalize. Mimi nilikuwa sijawahi kumsikiliza mtu mpaka amalize tangu nimalize chuo.

Sasa fuateni hapa, ndiyo penyewe.

Alasiri moja mmoja wa wale majirani akaanza hadithi. Akasema kuna kijiji cha mbali kina kisima kimoja tu cha maji matamu, na kimewekwa uani kwa mama mmoja. Ukienda na ndoo yako, kabla hajakuuliza hali, anakuuliza mbele za watu hiyo ndoo ulitilia nini hata ikanuka hivyo. Watu wakaona bora wanywe maji ya chumvi kuliko kupita kwake.

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Tena nikaongeza la kwangu. Nikasema huyo mama anatafuta laana, kisima si chake, kawekwa tu akilinde, angefukuzwa.

Hakuna aliyecheka na mimi. Waliinamia ukindu wao, mmoja akakohoa.

Ndugu zangu wa bara mnaokuja kufanya kazi Pwani, chukueni hii bure. Huku mtu hakuambii kosa lako usoni. Anakutolea hadithi, na wewe mwenye akili ujichukulie chako. Mimi nilipigwa kijembe, nikakicheka, nikajihukumu na adhabu juu.

Wale wawili walipoondoka, Mwanahamisi hakuinua macho. Akasema taratibu, "Sista, kisima ni zahanati. Anayekunywa maji ya chumvi ni Zuhura."

Nikauliza, "Zuhura gani?"

Na hilo swali ndilo lililoniumiza kuliko kijembe chenyewe. Sikuwa namkumbuka.

Kumbe miezi miwili nyuma alikuja kliniki binti mmoja, mimba ya pili, kadi yake imelowa na ina harufu. Nikaishika kwa vidole viwili, nikaiinua juu, nikauliza, "Hii kadi umeifungia pweza?" Kina mama wakacheka, maana ilibidi wacheke. Zuhura hakurudi tena. Alishasema atazalia nyumbani, hata iweje.

Mimi wa zamani ningesimama pale pale niulize nani ameanza hayo maneno. Damu ilishapanda kweli. Lakini mikononi nilikuwa na ukili, na ukiuachia katikati unafumuka. Nikasema ngoja nimalize huu mstari kwanza. Nikamaliza, nikaingia mwingine. Nilipokuja kuinua kichwa, hasira ilikuwa imekaa chini, imebaki aibu tu.

Kesho yake nilikwenda kwao. Mama mkwe wake, Bi Asha, alinipokea mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasema Zuhura amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Nikarudi baada ya siku mbili. Amekwenda kwa ndugu zake.

Mara ya tatu nilikwenda na ukili wangu. Sikuuliza mtu. Niliomba tu nikae barazani nipumzike, nikaanza kusuka.

Bi Asha alikaa ananitazama. Alivumilia, akavumilia, mwisho uzalendo ukamshinda. "Hebu lete hapa, unautesa ukindu wa watu." Akaninyang'anya, akaanza kuurekebisha huku anasonya. Ndani nikasikia mtu anacheka. Zuhura akatoka na tumbo lake la miezi minane.

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi. Yakabaki machache.

Nikamwambia, "Niliyokwambia mbele ya wenzako sikupaswa kukwambia hata tukiwa wawili. Nisamehe."

Hakujibu haraka. Na mimi, kwa mara ya kwanza, sikujaza ule ukimya.

Ndipo akaongea. Siku ile maji yalikuwa yamekupwa, akaenda mwambani kutafuta pweza. Alipoona jua limepanda akaogopa kuchelewa, maana wiki moja kabla alikuwa amenisikia nikimtukana mwenzake kwa kuchelewa. Akaja moja kwa moja kutoka pwani, kadi na pweza kapu moja.

Wakuu, aliharakisha kwa ajili ya kuniogopa mimi. Na mimi nikamwadhibu kwa kule kuharakisha.

Akaendelea. Akanisimulia uzazi wa kwanza, wa yule binti yake wa miaka minne. Alizalia mle mle ndani. Damu ilimtoka mpaka akapoteza fahamu, akazinduka siku ya pili, hana nguvu hata ya kushika kikombe.

Manesi wenzangu mnajua hiyo maana yake nini. Mtu wa namna hiyo hazalii nyumbani, hata zahanati haimfai. Anatakiwa awe hospitali.

Nikamuomba ile kadi. Kwenye sehemu ya kuuliza kama aliwahi kutokwa na damu nyingi, imeandikwa hapana. Mwandiko ni wangu.

Sikumbuki kama nilimuuliza. Labda nilimuuliza nikiwa naangalia simu, sikungoja jibu. Nimefanya kazi hii miaka saba, nimehudhuria semina sijui ngapi, na karibu nimuue mtu kwa kutomsikiliza. Niseme tu kwamba nililia pale barazani, mbele ya Bi Asha, na sijutii.

Nikarudi kwa mfawidhi, nikamweleza yote pamoja na la mwandiko wangu. Akanisema, nikastahili. Tukapanga Zuhura aende Kilindoni kabla siku hazijafika, akae kwa shangazi yake karibu na hospitali.

Bi Asha hakutaka. Mjukuu wa kwanza alizaliwa nyumbani na yuko hai, sasa haya ya hospitali ya nini. Sikubishana naye. Nilikwenda siku nne mfululizo, nasuka, nasikiliza hofu zake zote mpaka ziishe, halafu ndipo nasema langu. Siku ya nne Zuhura mwenyewe akakata shauri.

"Nitakwenda," akasema, "ila sista awepo."

Someni tena hapo. Yule yule aliyenikimbia.

Uchungu ulimshika asubuhi ya Jumanne, yuko kwa shangazi yake. Nilipopigiwa kwenye kitochi nikaomba ruhusa, nikapanda bodaboda mpaka Kilindoni. Nimefika, mkunga wa zamu anasema ataingia ndugu mmoja tu. Kwa desturi ni Bi Asha, na alikuwa ameshafika kutoka kijijini, kanga yake ameifunga kiunoni, tayari.

Bi Asha akafungua ile kanga, akanisukuma mbele kwa mkono mgongoni.

"Aingie huyu. Huyu ni wetu."

Nimewahi kupewa cheti cha mfanyakazi bora huko nilikotoka. Hakifikii hata robo ya maneno hayo.

Damu ilikuja, kama tulivyoogopa. Lakini safari hii ilikuta watu wanaingoja. Dripu ilishawekwa, dawa ziko mezani, mume na shemeji walishapimwa damu ili wamchangie. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa kichwani kwake tu, kumwambia kwa sauti ya chini kinachoendelea, neno kwa neno, na kumsikiliza anachosema. Ikapungua, ikasimama. Mtoto wa kiume, analia kama amedhulumiwa kitu. Zuhura siku hiyo hiyo aliomba uji, na kikombe alikishika mwenyewe.

Wakuu, najivunia. Nasema bila haya, najivunia sana, na anayeona najisifu aone hivyo hivyo.

Sijawa malaika. Mwezi uliopita nilimpayukia dereva bodaboda mpaka kofia ikamvuka. Nikamfuata kijiweni nikamuomba radhi mbele ya wenzake, maana nilimtukana mbele yao. Simu ilisharudi kutoka Dar, ila siku za kliniki inalala kwenye droo ya mfawidhi. Na swali nikimuuliza mama, kalamu naiweka chini mpaka amalize.

Nilichojifunza ni hiki. Tunatafuta utulivu kwenye vitu vikubwa vya mbali, na huku kuna mtu amekaa mbele yako na kadi mkononi, anangoja umtazame. Anzia hapo. Tafuta na kazi moja ya mikono ambayo haikubali uwe na haraka. Iwe kusuka, kulima, kukuna nazi, yoyote, ilimradi ukiipeleka ovyo ikuumbue.

Na mkiishi ugenini, mkisikia hadithi mkajikuta mnacheka peke yenu, jiulizeni vizuri huyo mama wa kisimani ni nani.

Uwanja ni wenu sasa. Manesi wenzangu mnaotaka kunirukia kwa kuanika ya jikoni, rukeni. Na zaidi sana wewe uliyewahi kudhalilishwa na mtu wa kazi yangu ukaapa hurudi tena, andika hapa, hata iwe ndefu kiasi gani. Nitasoma mpaka mwisho ndipo nijibu.