Si Mimi, Ni Mashine
Mdogo mtu alimjua shemeji yake, mume wa dada, kwa kidole chake cha shahada. Kila Jumamosi, wakicheza pamoja na dada mtu mchezo wa mezani wa mashujaa wa kubuni, shemeji ndiye msimulizi: hukohoa, hubonyeza kompyuta, kisha hutangaza kilichochaguliwa na programu ya bahati nasibu, liwe zimwi, mtego au kifo. Akilaumiwa huinua mikono: “Si mimi jamani, ni mashine.”

Leo mashine ilimuua shujaa ambaye mdogo mtu amemlea miaka mitatu. Alinywea, akainuka kutafuta maji, akapita nyuma ya kiti cha shemeji. Masalale! Kioo cha kompyuta kilikuwa kimezimika, cheusi tititi. Kidole cha shemeji kikabonyeza vilevile.

“Haya, mke wangu,” shemeji akatangaza, “mashine imekupa hazina.”