Mtu wa Kunijibu

Garissa hulala mchana. Baada ya swala ya adhuhuri maduka mengi hufungwa, mbuzi hujibanza kwenye kivuli cha ukuta, na hata jenereta ya jirani hupumzika. Huo ndio wakati nilipofunga dirisha langu, nikazima feni, nikatundika blanketi mlangoni na kujifungia na simu ya kurekodia ili nijifunze kuigiza kwa sauti. Jasho lilinitiririka mpaka karatasi ikalowa. Mtu mwenye akili zake angelala kama wenzake.

Kilichonileta mji huu ni kazi ya ofisi ya maji, lakini moyo ulikuwa kwingine. Kituo kimoja cha redio kilikuwa kinatafuta sauti ya mama katika mchezo wa kuigiza, mama mfugaji anayemuaga binti yake anayekwenda shule ya bweni. Nilikwenda kujaribiwa. Mtayarishaji, kijana mpole asiyependa kuumiza mtu, aliniambia, "Dada, unasoma vizuri sana. Shida ni kwamba unasoma." Akanipa mpaka mwisho wa mwezi. Nisipobadilika, angemwita mwigizaji kutoka Nairobi. Niliitaka nafasi ile kuliko cheo chochote nilichowahi kukitaka.

Nikajitia bidii. Nilichora alama za penseli kila mahali pa kuvuta pumzi. Nikajifunza kuweka simu kando kidogo ya mdomo ili pumzi isiipige, na kugeuza ukurasa bila kuukwaruza. Sentensi iliyonishinda kabisa ilikuwa fupi: "Ukifika, niambie umefika." Kila nilipojisikiliza, sauti yangu ilikuwa safi kama sahani isiyo na chakula.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mjane wa Kisomali aliyeishi chumba cha pili. Nilimwita habaryar, yaani mama mdogo, naye aliniita binti yangu. Mchana mmoja alinigongea mlango akidhani nagombana na mtu, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Kisomali:

"Wewe nasema na nani?"

"Na ukuta, habaryar."

"Ukuta najibu?"

"Hapana."

"Basi ndiyo maana nasema kama nasoma bei ya mbuzi." Akaketi kitandani, akajipangia shungi lake. "Sema na mimi."

Nikaanza. Kila nilipomaliza sentensi alisema "haye", neno lao la kumwambia msemaji endelea, niko nawe. Kwao msikilizaji ana kazi yake. Habari haisimuliwi kwa mtu aliyekaa kimya tu. Haye. Haye. Bila kujijua nikapunguza mwendo, nikaiacha karatasi, nikawa namwambia jambo mtu anayetaka kulijua. Nilipoisikiliza rekodi ile nilikaa sakafuni. Mama wa mchezo alikuwemo. Habaryar naye alikuwemo, kila mstari, ila kwa furaha yangu sikujali, nikaituma hivyo hivyo.

Mtayarishaji akajibu: "Nzuri! Lakini huyo mwingine ni nani?"

Basi tukaanza kazi ya kumnyamazisha.

"Habana," alisema. "Wewe nasema, mimi nanyamaza? Hiyo tabia mbaya. Ni kama nafukuza mtu."

Hata hivyo alijaribu kwa ajili yangu. Aliuma ncha ya shungi, haye ikatokea puani. Akatafuna mswaki wa mti, rekodi ikasikika kama mbuzi amealikwa chakula. Tulicheka mpaka akashika mbavu. Mwishowe alinishika goti, na badala ya kusema, kila sentensi akawa analibonyeza kwa kidole gumba, kidole kigumu chenye hina iliyofifia. Nilikipenda kidole kile. Nyumbani kwetu hatukuzoea kushikana, na sikuwa nimejua kwamba nimekosa kitu.

Siku chache kabla ya kurudi redioni, bintiye alijifungua huko Ijara, na habaryar akafunga mzigo kwenda kumlea katika arobaini yake. Nililia. Kwanza niliililia nafasi yangu, kisha gari lilipoondoka nikamlilia yeye, na hicho cha pili ndicho kilichouma.

Chumba cha kurekodia kilikuwa na baridi ya kiyoyozi na ukimya ambao sijawahi kuusikia Garissa. Mtayarishaji aliketi nyuma ya kioo, ameinamia mitambo yake, hanitazami. Nikaweka mkono wangu mwenyewe gotini. Nikasema sentensi ya kwanza, nikalibonyeza goti, nikangoja haye ipite, ndipo nikaendelea. Hivyo hivyo hadi mwisho. Alipotoka nyuma ya kioo aliniuliza kwa nini sikuwa nimetazama karatasi. Sikujua kwamba sikuitazama. Akaniambia hatampigia mtu wa Nairobi.

Jioni mchezo uliporushwa hewani niliogopa kujisikiliza, nikazima redio nikakaa uani. Simu ikaita. Alikuwa bintiye habaryar, kutoka Ijara, ananong'ona.

"Dada, mama ameweka redio mapajani. Hataki hata mtoto alie. Hebu sikia."

Akaisogeza simu. Nikasikia sauti yangu, imetoka mbali, ina mikwaruzo ya redio kuukuu: "Ukifika, niambie umefika." Kisha pakaja ile nafasi ndogo niliyokuwa nimeiacha.

"Haye," akasema habaryar.