Tiki ya Kijani

Mwaka huo mvua ilitangulia mbegu. Agroveti za Embu mjini, maduka ya mbegu na dawa za shamba, zilikuwa zimeishiwa na ile aina ya mahindi ambayo mama hupanda kwake Kanja, mahindi anayoyala hadi mavuno mengine. Nje ya soko, mwanamume mmoja alikuwa akiiuza kwenye pikapu.

"Punguza," nikamwambia.

"Mathe, hata sijasema bei!"

"Ndiyo maana. Ukishaisema utaizoea."

Akapunguza, nikakataa, akapunguza tena. Hapo ningepaswa kushtuka. Muuzaji wa Embu huapa kwa watoto wake kwanza kabla ya kushusha bei. Nikamwambia naogopa feki. Hakukasirika. Aligeuza pakiti akanionyesha kimraba cha QR.

"Skani ujionee."

Nikaskani. Ukurasa ukafunguka, una nembo na tiki kubwa ya kijani: MBEGU HALISI. Mimi si mtu wa kuamini mara moja, kwa hivyo nikaskani na pakiti ya pili. Halisi. Nikalipa, nikaondoka nikijiona mjanja.

Mahindi ya majirani yalipofika kwenye vifundo vya miguu, mama alinipigia. "Kuja uone shamba." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Mistari ilikuwa imenyooka vizuri, mitupu. Tulifukua. Ile rangi ya dawa inayopakwa mbegu ilikuwa imeoshwa na maji, na chini yake kulikuwa na mahindi ya kawaida ya kula, yameoza.

Nikienda huko nilikuwa nimepitia kwa mwenye agroveti mmoja kumwonyesha pakiti niliyobaki nayo. Alinieleza kwamba kimraba kile huchapishwa na yeyote, na hukupeleka anakotaka aliyekichapisha. Yaani nilimuuliza mwizi kama yeye ni mwizi, kisha nikarudia swali ili niwe na hakika. Kuhusu kupanda upya alitikisa kichwa tu: mvua ingekatika mahindi yakiwa bado machanga.

Pale shambani nikatoa simu, nikaiskani tena ile pakiti. Sijui nilitarajia nini.

"Inasema nini?" mama akauliza.

"Inasema ni halisi."

"Iambie ikuje ione."

Nilitaka kucheka. Nimebishana bei na wauzaji wote wa mji ule, lakini hapo hapakuwa na mtu wa kumwambia punguza. Mama akaokota jembe. Mvua ikaanza, ile ya polepole inayoingia hadi chini, mvua nzuri kabisa, nasi tukasimama tukiitazama ikinyeshea mistari yetu.