Mjakazi Aliyeombewa Kayole

Masika ya ujana wake, matope yalipofunga vichochoro vya Kariobangi, fundi cherehani mmoja, rafiki yangu, alishona huku riwaya ikiwa wazi pajani. Alipenda zile za Wakristo wa kwanza, waliosali kwa kunong'ona katika vyumba vya kupanga vya Roma. "Walikuwa wapangaji kama sisi," aliniambia, "na jirani alisikia kila kitu." Sasa ana mvi, naye kila Alhamisi huwasomea riwaya hizo akina mama wa ushirika wa kanisa lake huko Kayole, nami nikiwamo. Hulowesha kidole kabla ya kufunua ukurasa, na hushusha sauti kila askari wa riwayani anapobisha mlango.

Alhamisi moja alikomea pale mjakazi anapoamriwa aikane imani, la sivyo mwanawe auzwe. Wakati wa maombi, Mama Amondi alimtaja mjakazi huyo pamoja na wagonjwa. Mzee wa kanisa aliyeongoza maombi akacheka. "Mama, unamwombea mtu wa kitabuni?"

"Mbona wewe huombea mpira, Mzee?"

Akina mama wakaangua kicheko. Mzee akakunja uso. "Haya. Lakini akiikana imani, kitabu hicho hakisomwi tena hapa."

Fundi alikuwa amekisoma zamani, nami pia, kwa hiyo tuliujua mwisho. "Ruka ukurasa huo, dada," nilimnong'oneza tukitoka. Alitabasamu tu.

Alhamisi iliyofuata aliusoma ukurasa kama ulivyochapwa: mjakazi aliikana imani, akambeba mwanawe, akarudi nyumbani. Kisha fundi akakifunga kitabu, akasimama, akamkabidhi mzee, kisha akamwombea mjakazi kwa sauti, na akina mama wote wakaitikia "Amina."