Alama ya Mzinga Kwenye Sanduku la Angani

Saa mbili asubuhi, Lugembe Ngollo anashuka kwenye baiskeli yake katika pori la Goweko na kuanza kukagua ardhi. Hii ni siku ya sita. Shingo inamuuma na hataki utani.

Anatafuta sanduku dogo la bati. Wiki iliyopita lilipaa kutoka Tabora likining'inia kwenye puto kubwa, likayapita mawingu, puto likapasuka, nalo likashuka kwa mwavuli wa kitambaa. Ndani yake mna vioo vilivyopakwa dawa ya picha. Huko juu hupigwa na miale itokayo mbali kupita jua, na kila chembe inayopenya huacha mchirizi mwembamba.

"Haionekani, hainuki, na inatupita mimi na wewe sasa hivi," anasema, akimcheka mwandishi wa makala haya aliyejitazama mikono.

Vioo hivyo vikiona mwanga tu, kwisha habari yavyo. Masanduku mawili ya kwanza yalifunguliwa na wanakijiji, na huwezi kuwalaumu: kitu kimetoka mbinguni, nani asingechungulia? Mzungu anayeongoza kazi hiyo amesema wazi: la tatu likiharibika, anahamia Nairobi. Lugembe, mwenye miaka hamsini na mbili na watoto watano, atapoteza kibarua hiki na kurudi kulima tumbaku.

"Maandishi mekundu ya Kiingereza hayakumzuia mtu," anasema. "Nikaona bora niweke alama ya baba."

Marehemu baba yake alikuwa mrina asali. Warinaji wa huku kila mmoja ana alama yake, na mzinga wenye alama ya mtu haufunguliwi na mwingine. Ya kina Ngollo ni mikato mitatu na mstari chini yake. Lugembe aliikwaruza kwenye bati la sanduku bila kumwuliza yeyote.

Kumbe alisahau jambo moja. Anakumbushwa na Pelagia, mama anayepalilia karanga kando ya njia.

"Shikamoo baba. Unatafuta mzinga? Mume wangu Silasi aliuokota umeanguka, akaupandisha mtini."

"Marahaba, mama. Mti gani?"

Mzinga ulioanguka hurudishwa juu, ndio uungwana. Siku sita mzee wa watu ameinamia majani, na sanduku liko kwenye mninga, limefungwa vizuri kwa kamba ya magome.

Anapanda mwenyewe. Anapapasa kifuniko pande zote nne. Hakijaguswa. Anakaa tawini, analia bila aibu.

"Mzinga una asali?" anauliza Silasi, aliyemwonyesha mti, kutoka chini.

"Sijui bado, ndugu yangu."

Vioo vikishasafishwa kama picha, Lugembe anataka kitu kimoja: kuchungulia kwenye hadubini kabla havijapelekwa Uingereza. Ameshaomba. Hajajibiwa, na ataomba tena leo.

"Kabla ya nyuki, baba alikuwa mpagazi," anasema akilifunga sanduku kwenye baiskeli. "Alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo mara nne. Hakuna aliyemwambia zinakwenda kufanya nini. Mimi mzigo huu nitauona."