Gari Lililoinama Upande Mmoja

Yotham Matonya, mzaliwa wa Haneti, alikuwa fundi umeme wa magari, mtu wa kwaya na mpole wa kusema. Ufundi aliupatia katika karakana ya shirika moja la umma pale Dodoma. Shirika lilipobinafsishwa na watu wakapunguzwa kazini, alitoka na mita yake ya kupimia umeme na rafiki mmoja, Hassani, fundi wa chini ya gari. Wakafungua gereji barabara ya Msalato. Nyaya zilikuwa za Yotham, springi na magurudumu vya Hassani, na tangu siku ya kwanza hakuna aliyefungua boliti ya mwenzake bila kumwita. Wateja waliwaita mapacha wasiofanana.

Miaka ile magari yaliyotumika Japani yalianza kumiminika, na yalikuja na mambo ambayo shirika halikuwafundisha. Bwana Damas, afisa wa serikali aliyehamia kutoka Dar es Salaam, alileta moja lililokalia vifuko vya upepo badala ya springi za chuma. Kila gurudumu lilikuwa na sensa, kidude cha plastiki kinachopeleka umeme kidogo kwenye kompyuta iliyo chini ya dashibodi, kuieleza gari limeinuka kiasi gani. Kompyuta ikielezwa kwamba gari limepanda mno, inatoa upepo. Sasa gari hili, kila likitoka Mlali kwenye shamba la Damas, lilirudi limeinama nyuma kushoto kama mbuzi aliyeumia mguu, na taa ya njano inawaka na kuzimika.

Likifika gereji, Yotham anapima, mita inaonyesha mambo sawa. Anamrudishia mwenyewe. Likienda Mlali, linainama tena.

Safari hiyo Damas hakusalimia vizuri. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya gari.

"Fundi, mmenibadilishia sensa."

"Hapana, bosi. Hapa hatugusi kitu cha mtu bila kumwambia."

"Lilikuja likiinama kidogo, sasa linalala kabisa. Mimi si mtoto mdogo. Vifaa vyangu vyote nimeviandika D.M. kwa msumari wa moto. Nikikuta sensa isiyo na jina langu, tutaongelea polisi."

Hassani, aliyekuwa amelala chini ya pikapu ya jirani, akacheka. "Bosi, na upepo wa kwenye vifuko umeuandika?"

Yotham hakucheka. Alikuwa amekumbuka kwamba wiki iliyotangulia alikwenda Haneti kwenye mazishi, gari lile likabaki na Hassani peke yake. Akakumbuka na muuza spea wa Arusha aliyesimama getini akinong'ona na Hassani, wakanyamaza yeye alipotokea. Siku ile hakuona kitu. Sasa aliona. Hata viatu vipya vya Hassani, alivyovisifia kwa mdomo wake mwenyewe, vilianza kumtia wasiwasi. Alijaribu kusali kimoyomoyo, akajikuta anamhesabia mwenzake makosa mbele za Mungu.

Ilikuwa Ijumaa. Hassani alinawa, akaenda msikitini. Alipopotea kwenye kona, Yotham akachukua spana, akaingia uvunguni, akafungua boliti ambazo hazikuwa zake. Akatoa sensa ya nyuma kushoto na kuifuta tope kwa kidole gumba.

D.M.

"Ndiyo yenyewe," Damas alisema, kama mtu aliyenyimwa kitu.

Yotham alikaa chini. Kama ni ile ile, kwa nini inadanganya? Akawaza: gari linaharibika likitoka Mlali, njia ya matope. Huku linafika likiwa limeanikwa na jua la njiani. Akaiunganisha sensa na nyaya zake, akaiwekea mita, akachota maji kwenye kopo na kuimwagia. Mshale wa mita ukaruka juu, ukaanguka, ukaruka tena. Kompyuta ilikuwa ikiambiwa gari liko juu, nayo ikaliteremsha. Akaigeuza kwenye mwanga. Kwenye mguu mmoja wa herufi M, msumari ulikuwa umepenya hadi ndani.

"Bosi, maji yanaingilia kwenye jina lako."

Damas aliinama kutazama. "Nilikuwa najikinga na ninyi," alisema taratibu.

"Umeifungua mwenyewe." Hassani alikuwa amesharudi, kofia bado kichwani. "Ulikuwa unatafuta lile jina."

Yotham angeweza kusema alikuwa anapima waya. Uongo ulimfika kwenye ulimi. "Ndiyo," akasema.

"Na lisingekuwepo?"

Yotham akaiweka spana chini.

"Yule wa Arusha uliyenikuta naye getini anataka kuleta posa kwa binti yangu. Ningekuambia mambo yakikaa sawa." Hassani akaokota shati lake la kazi, akalikunja. "Leo gari hilo silishiki."

Akaondoka. Yotham aliikausha sensa, akaziba tundu kwa gundi, akaifunga uvunguni peke yake, kazi ya watu wawili, tochi ameiuma kwa meno. Juu yake Damas akauliza, "Hiyo unayofunga ndiyo ile ile?"

Jumamosi Hassani hakuja. Jumapili kwenye kwaya Yotham alikosea mahali pa kuingia wimboni, mwalimu akamtazama. Gereji bila Hassani isingefika mwisho wa mwezi, lakini si hilo lililomnyima usingizi.

Jumatatu alimkuta Hassani amefika kabla yake. Alikuwa amepanga spana zake zote juu ya gunia, kubwa hadi ndogo, na viatu vipya mwisho wa mstari.

"Kagua," alisema.

"Hassani, ndugu yangu, nisamehe. Nilikukosea."

"Nimeshakusamehe. Kagua kwanza."

Yotham akachuchumaa. Aliinua spana moja moja mbele ya majirani waliokuwa wakifungua vibanda vyao, akazirudisha kwenye sanduku la mwenzake kwa mikono yake, uso ukimwaka kwa aibu. Alipofika kwenye viatu, akasita.

"Hivyo nivalishe," Hassani akasema, akanyoosha mguu.