Bunduki Iliyoanguka Miguuni pa Kirungu

Saa mbili asubuhi, Kirungu amesimama kwenye lango la ghala la nafaka, rungu kwapani, akiwasalimu vibarua wanaoingia. Wote wanamjibu isipokuwa mpepeta mahindi mmoja, mwanamke mwenye kitambaa cheusi kichwani.

"Za asubuhi, shemeji?"

Hata "nzuri" ya shingo upande hapati.

Huyo ni mjane wa Afande, mlinzi mwenzake. Kwa miaka tisa walilinda hapa pamoja, Afande na bunduki, yeye na rungu lililompa jina. Ujanani Kirungu alifungwa kwa unyang'anyi, na sheria ni msumeno: aliyefungwa kwa kosa kubwa hamiliki bunduki wala haishiki, hata ya mwajiri. Akikutwa nayo, anarudi jela.

Afande alimchunga rafiki yake kama mboni ya jicho. Akienda msalani, alikwenda na bunduki.

"Vibarua walitucheka, eti silaha ya kampuni inaharisha!" Kirungu ananisimulia, akicheka kidogo.

Akiisafisha, Afande alimwamuru, "Mikono nyuma, ndugu yangu!" Ikawa mazoea.

Mwaka jana, mchana kweupe, majambazi waliingia wamejificha ndani ya lori la mzigo. Risasi ya kwanza ilimpata Afande tumboni. Bunduki ikaanguka miguuni pa Kirungu.

"Mikono ikaenda nyuma yenyewe," anasema. "Naye pale chini akaniambia, 'Iache. Utarudi ndani, wanao watalelewa na nani?' Wakampiga ya pili."

Hakuna mwingine aliyeyasikia maneno hayo. Mtaani wanamwita mwoga, na mjane anaamini hivyo. Masikini, mwaka mzima amelimeza hilo peke yake.

Kwa nini asimweleze? Anajifuta macho kwa kofia.

"Nimwambie mumewe ndiye aliyenikataza? Ataona namsingizia marehemu. Maiti hana mdomo."

Kibali cha silaha hakitaki, hata wakimpa bure. Anachoomba ni salamu yake ijibiwe. Anasema shemeji yake husoma gazeti hili wakati wa mapumziko, akiwa ameketi juu ya magunia.

"Basi andika alivyoniambia Afande," ananisihi tukiagana.

Nimeshafika barabarani anaponiita tena.

"Andika na hili: ingekuwa leo, ningeiokota. Wangenifunga, sawa. Afande ndiye angekuwa anakuja kunitazama gerezani."